Mama Rihab na Mwaka wa Mtihani

Watu wa mtaani kwetu hapa Mahalla, Misri, wakitaka kumsifu mama aliyesomesha, humtaja wifi yangu Insaf. Ati mwangalieni Mama Rihab, fundi wa kupinda sare za shule, mwenyewe hakumaliza hata darasa la sita, na binti yake kaingia udaktari. Wanawake wenye watoto wa mwaka wa mwisho humjia mpaka leo wamuulize alifanyaje, naye huwaeleza kwa utaratibu, kikombe cha chai mkononi. Mimi huwa nanyanyuka nikaenda zangu jikoni. Nikikaa nitasema, na nikisema nitasema yote.

Basi leo nasema yote.

Insaf aliolewa na kaka yangu Abdulmaksud, wa kiwanda cha nyuzi, akiwa na miaka ishirini. Wiki ile ile ya harusi aliniita chumbani, akafungua sanduku lake la nguo, na chini kabisa, chini ya mashuka, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa ripoti yake ya shule ya kijijini kwao, na mhuri wake. Wa kwanza kati ya watoto arobaini na wawili. Mwaka uliofuata baba yake alimtoa shuleni akaenda kuokota viwavi kwenye majani ya pamba, na pamba ilipokwisha akabaki nyumbani kulea wadogo zake. Alinisimulia bila kulia. Alisema tu kwamba akijaliwa mtoto, mtoto huyo hatashika sindano wala sufuria.

Mimba mbili ziliharibika, ya tatu ikamleta Rihab, na baada ya hapo hakupata tena. Na neno lake alilishika. Mtoto yule alifika miaka kumi na saba hajawahi kuosha kikombe. Akinyanyuka kuchukua maji, mama yake keshafika mbio na glasi. Mimi nina watoto watatu wa kiume na wote nimewafua kwa maneno na kwa viatu, kwa hiyo nilikuwa nacheka. Insaf alikuwa ananitazama kama mtu asiyejua thamani ya kitu.

Nyumba waliyoishi ilikuwa ya mama yangu, Tafida. Kaka alioa akabaki pale pale kwa mama, kama ilivyo kawaida, na Rihab alipoacha kunyonya akahamishiwa chumba cha bibi yake. Mama hakujua herufi hata moja, karatasi za pensheni ya marehemu baba alikuwa anazitia dole gumba. Lakini tangu Rihab alipoanza darasa la kwanza, akitoka shuleni alikuwa anatupa mkoba, anakwenda kukaa sakafuni mbele ya bibi yake anayechambua mchele au kunyambua majani ya mlenda, na anamsomea alichofundishwa. Siku zote. Mama hakuwa anajua kama mtoto amepatia au amekosea. Alichokuwa anajua ni kuuliza. “Halafu?” “Mbona hivyo?” “Hapo sijaelewa, nirudie.”

Siku moja nilikuwepo. Rihab alikuwa kidato cha pili, anaeleza habari za moyo, damu chafu inaingia huku, damu safi inatokea kule. Mama akasimamisha mkono kwenye sinia. “Ngoja kwanza. Unasema inaingia imechafuka. Nani aliyeichafua?” Mtoto akanyanyuka. Akaenda kuchukua kitabu. Akarudi nusu saa baadaye akaeleza tena kuanzia mwanzo, mama akamuuliza jingine, akaondoka tena. Mchana mzima ukaisha hivyo, wamecheka, wamegombana, mchele umechambuliwa. Hakuna mtu pale nyumbani aliyeita jambo lile kusoma. Insaf alikuwa anaita maneno ya wazee.

Ukaja mwaka wa mwisho wa sekondari. Nani asiyejua mwaka ule unavyokuwa? Kwetu mtihani ule haufanywi na mtoto, unafanywa na nyumba nzima. Ikipungua hata nusu maksi, mtu anakosa udaktari anapelekwa kusomea kilimo. Kwa hiyo Insaf aliivisha televisheni shuka na kuifunga kamba. Alikata waya wa kengele ya mlango. Wageni aliwapokea kwenye ngazi, kidole mdomoni, akawasikiliza na kuwarudisha huko huko. Jirani wa juu aliozesha binti bila ngoma, harusi ikawa kimya kama msiba, wala hakuna aliyeona ajabu. Mwalimu wa fizikia, wa kemia, wa hesabu, wa Kiingereza, kila mmoja na siku yake na ada yake. Kila Alhamisi Rihab alikuwa anapikiwa njiwa aliyejazwa ngano, ati kwa ajili ya ubongo, na baba yake amekaa pembeni na sahani yake ya maharage. Simcheki. Mimi pia niliwafungia wanangu televisheni.

Mwezi wa kumi Insaf akanijia nyumbani. Mimi naishi mitaa mitatu kutoka pale. Akakaa ukingoni mwa kiti, akasema kwa adabu kwamba mama anakohoa, anasali kwa sauti alfajiri, na kila mtoto akifungua kitabu wanaanza mazungumzo yao. Aliomba mama ahamie kwangu mpaka mwezi wa sita. Nikakubali palepale. Nisijitie wema, nilifurahi. Miaka yote mama alikuwa wa kaka, na mimi nilitaka zamu yangu. Mama akaja na kifurushi kimoja cha nguo akidhani ni wiki mbili. Rihab alilia, akaambiwa atakuwa anakuja kila Ijumaa. Akaja Ijumaa nne. Ya tano mwalimu wa kemia akahamishia somo lake Ijumaa, na ikawa basi.

Majaribio ya majira ya baridi yakatoka, maksi za Rihab zimeshuka. Zilishuka masomo yote. Insaf akaongeza mwalimu mwingine wa fizikia juu ya yule wa kwanza. Nilikwenda siku ile kuchukua gauni alilokuwa ananipindia, nikamkuta Rihab amesimama mlangoni mwa jikoni na daftari. “Mama, nisikilize kidogo,” akasema. “Nikimwambia mtu ndiyo inaingia.” Insaf akaacha kazi, akafuta mikono, akaketi. Nilimhurumia, alitaka kweli. Lakini alishika kitabu, akaweka kidole kwenye mstari, na kila Rihab alipobadilisha neno moja alikuwa anagonga meza. “Haijaandikwa hivyo. Sema kama ilivyoandikwa.” Ndivyo alivyofundishwa yeye kule kijijini, na ndivyo alivyokuwa wa kwanza. Mtoto alifika nusu ya ukurasa akasema asante mama, nitasoma mwenyewe. Sijamsikia kuomba tena.

Ningesema siku ile, mwambie bibi arudi. Sikusema. Nilichukua gauni langu.

Mwezi wa pili mama alichoka kungoja. Asubuhi nilipokwenda sokoni alivaa koti lake, akanunua viazi vitamu vya kuchoma kwa mwenye mkokoteni, akaenda kwa miguu, mitaa mitatu, na magoti yale. Akapanda ngazi akabisha. Insaf akafungua kwa mnyororo.

“Nimekuja nimsikilize tu,” mama akamwambia. “Somo moja, halafu naondoka.”

“Mama, usiniwekee kinyongo,” Insaf akasema. “Mtoto mwenyewe ndiye amesema usije. Anasema unampotezea wakati.”

Rihab hakuwepo hata nyumbani. Alikuwa kwenye somo ng'ambo ya reli. Insaf mwenyewe alikuja kukiri kwangu baadaye. Alisema aliona njia ya kumaliza jambo ni hiyo, maana angemwambia njoo wiki ijayo, mama angekuja wiki ijayo.

Niliporudi kutoka sokoni nilimkuta mama amekaa kitandani na koti mwilini, mfuko wa viazi mapajani. Akanieleza alivyoambiwa, neno kwa neno. Halafu akaniuliza, “Wajiha, ni kweli yule mtoto amenichoka?”

Nilijua ni uongo. Juma lililopita Rihab alinikuta kwenye ngazi zao akanishika mkono akaniuliza bibi anakula, bibi analala, bibi anamtaja. Nilijua kabisa. Lakini nikapiga hesabu ya haraka kichwani: nikisema ni uongo, mama atakasirika, atampigia kelele Insaf, Abdulmaksud ataingilia, nyumba itawaka moto katikati ya mwaka wa mtihani, na mtoto akifeli watasema ni Wajiha. Nikamvua mama koti. Nikamwambia, “Wote huwa hivyo mwaka wa mtihani, mama. Wakimaliza wanarudi kuwa watu.”

Akaitikia kwa kichwa. Akaniambia nile viazi kabla havijapoa. Tangu siku ile hakuomba tena kwenda. Alikuwa anauliza tu leo tarehe ngapi.

Mwezi wa tano miguu yake ikavimba, na pumzi ikawa fupi. Daktari alimsikiliza mgongo akaniita pembeni, akasema moyo umechoka na mapafu yanajaa maji, tumlaze na mito mitatu na tuwaite wanawe. Niliwaita. Abdulmaksud alikuwa anakuja kila jioni akitoka kiwandani, anakaa, anamkanda miguu, anaondoka. Mimi nikaenda kwa Insaf.

“Wifi, mama hana siku nyingi,” nikamwambia pale pale kwenye ngazi. “Nipe mtoto dakika tano.”

“Mtihani unaanza baada ya siku kumi na tisa.”

“Nakwambia mama anakufa.”

“Na mimi nakwambia siku kumi na tisa.” Halafu akanishika mikono yote miwili. “Akimwona vile hatashika kalamu, Wajiha. Unamjua. Atakaa pale asiondoke. Wewe una watoto watatu, mmoja akianguka wawili wamesimama. Mimi nina huyu tu. Nakuomba kwa Mungu.”

Nilimtazama kaka yangu aliyekuwa amesimama nyuma yake ndani. Nilitaka aseme neno moja, yeye mwenye mama. Akasema tuone siku zitakavyokwenda. Nikashuka ngazi na hasira zangu, na nilipofika nyumbani mama akauliza nimetoka wapi. Nikasema dukani.

Mtihani ukaanza. Kiarabu kikapita, Kiingereza kikapita. Jumatatu ile ya kabla ya fizikia, saa mbili asubuhi, mama alikunywa maji vijiko viwili, akaniuliza kama yule mtoto amemaliza. Nikasema bado. Akageuza uso kwenye ukuta. Nilidhani amelala, nikaenda kuanika nguo. Niliporudi alikuwa amekwisha.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyomzika. Mama yangu aliishi mtaa ule miaka hamsini na nne. Hakuna nyumba iliyofiwa ambayo Tafida hakuingia wa kwanza, hakuna maiti ya mwanamke aliyoikosa kuikosha, na sauti yake ya kilio ilikuwa inasikika mpaka sokoni. Siku yake hakuna aliyelia kwa sauti. Insaf alifika kabla maji ya kuoshea hayajachemka, akanibusu, akalia kwa kuuma shuka ili sauti isitoke, kisha akafuta macho na kupanga, ili Rihab asijue mpaka amalize mtihani. Msikitini asitangazwe kwenye spika. Hema lisisimamishwe. Wanaume wapeane mikono makaburini hukohuko, wamesimama. Wanawake waje kwangu wawili wawili na nguo nyeusi ndani ya mifuko, wavae kwangu, wavue kwangu. Na unajua nini, hakuna jirani aliyepinga. Wote walielewa. Walikuwa wananipa pole na wanaongeza palepale, Mungu amfaulishe Rihab. Nilikuwa naitika amina na meno nimeyauma.

Kaka yangu alipotoka makaburini akaja kuoga kwangu. Akasugua udongo kwenye kucha, akavaa shati lake la kiwandani ili aonekane ametoka zamu, akapitia kwa muuza matikiti akanunua moja kubwa. Nyumbani akalikata mezani mbele ya binti yake. Rihab akamuuliza mbona macho mekundu. Akasema vumbi la pamba. Akala vipande vitatu, maana Insaf alikuwa anamkazia macho. Hayo alinieleza mwenyewe baadaye, amekaa anatazama viganja vyake.

Siku ya pili, alasiri, Insaf akanitumia mtu. Mtoto amerudi kutoka fizikia anauliza kwa nini shangazi haonekani, njoo ujionyeshe. Nikavua nyeusi. Nikavaa gauni langu la kijani, nikajipaka wanja, nikaenda. Nilikuwa na siku moja ya msiba wa mama yangu na nimepaka wanja.

Rihab alikuwa mezani, amekonda, shingo imekuwa nyembamba kama ya kuku, jicho moja lina chokea. Aliponiona akatabasamu. “Shangazi, bibi vipi?”

“Anakusalimu,” nikasema. “Anakuombea kila sala.”

“Mwambie Jumamosi ya wiki ijayo namaliza, nakuja na sitoki. Mwambie nitamsomea habari ya damu kuanzia mwanzo. Sasa nimeielewa mpaka mwisho, aulize anachotaka.”

Nikasema nitamwambia. Insaf alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mtoto na glasi ya juisi ya miwa, ananitazama na kunishukuru kwa macho. Nilifika nusu ya ngazi nikakaa, nikaingiza pindo la gauni mdomoni.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Jumamosi, siku kumi na mbili tangu tuzike. Insaf alishapanga namna ya kumwambia: angempokea getini, angemleta nyumbani taratibu, angempa maji ya sukari, baba yake akae upande mmoja na jirani yetu muuguzi upande wa pili, halafu aambiwe. Toka alfajiri alikuwa ameketi na kina mama wengine kwenye ukingo wa barabara mbele ya shule, msahafu mkononi. Lakini Rihab alitoka kwa mlango wa nyuma na wenzake wawili. Akapita duka la vitamu, akanunua nusu kilo ya basbusa, ile laini isiyohitaji meno, na moja kwa moja akaja kwangu.

Nilisikia mlango unabishwa nikadhani ni wanawake wa pole. Nikafungua na nyeusi yangu.

Akaitazama nguo. Akatazama bega langu, na nyuma ya bega langu, kitanda, godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Tabasamu alilokuja nalo lilikaa usoni muda mrefu, kama limesahaulika.

“Lini?” akauliza.

“Siku ya kabla ya fizikia.”

Akahesabu. “Ulikuja kwetu siku ya fizikia yenyewe. Ulivaa kijani.”

“Ndiyo.”

“Ukasema ananisalimu.”

“Ndiyo, mwanangu.”

Ngazini ikasikika miguu inakimbia, akatokea Insaf anahema, ushungi umemwangukia mabegani, kiatu kimoja mkononi. Sijui nani alimwambia. Akaanza kusema akiwa bado ngazini: mwanangu, tulifanya kwa ajili yako, ungefanyaje fizikia, bibi mwenyewe angetaka, muulize shangazi yako. Rihab hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi tu.

“Shangazi, aliniulizia?”

Insaf akanitolea jicho. Nilijua anachotaka niseme, na ningeweza kukisema, kufikia siku ile nilishakuwa hodari wa uongo. Lakini nilikuwa nimechoka. Na nisijisafishe: nilikuwa na hasira na Insaf, nilitaka aumie. Nikasema.

“Kila siku. Mwezi wa pili alikuja kwenu kukusikiliza, mama yako akamwambia wewe ndiye umesema asije, kwamba anakupotezea wakati. Akarudi akaniuliza kama ni kweli umemchoka. Nilijua si kweli. Sikumwambia.”

Rihab akakaa chini pale pale mlangoni, boksi la vitamu mapajani. Insaf akanigeukia mimi, akaniita nyoka, akaniombea laana, akasema ungemwacha hata siku moja apumzike, siku moja tu Wajiha. Nilikuwa namsikiliza mtoto, maana alisema jambo kwa sauti ndogo sana na nilitaka nisikie vizuri.

“Amekufa anajua simtaki.”

Tulisimama pale wanawake wazima wawili.

Matokeo yakatoka: asilimia tisini na saba. Insaf alipiga vigelegele vya miaka yake yote, kwenye ngazi, kwenye roshani, mpaka sauti ikakauka. Sharbati nyekundu ikapita kila nyumba, kengele ikaunganishwa waya, televisheni ikavuliwa shuka na kufunguliwa mpaka mwisho. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kaka. Rihab alikuwa anapokea pongezi, anashukuru, anabusu mikono ya wazee. Alikuwa na adabu kuliko zamani. Kwa mama yake alikuwa anajibu ndiyo mama, hapana mama, asante mama. Usiku wala mchana hakuna aliyemsikia kumlaumu, na Insaf akaniambia kwa furaha, kwa kuwa furaha ilimfanya asahau kwamba hatusemeshani, unaona Wajiha, imeshampita.

Ikaja fomu ya kuchagua vyuo. Unaandika matakwa yako kwa mpangilio, na maksi zako zinakupeleka. Udaktari wa Tanta uko nusu saa kwa treni, mtoto anakwenda asubuhi anarudi kula mchana kwao. Insaf alishashona mpaka koti jeupe. Rihab akaijaza fomu mwenyewe. Mama yake akamuuliza, umetanguliza Tanta? Akajibu, nimetanguliza udaktari, mama.

Barua ilipofika ilisema Asyut. Insaf akasema wamekosea, watu wa ofisi hawa, maksi zote zile wampeleke mtoto Misri ya juu, safari ya siku nzima, kwa watu tusiowajua? Akafunga ushungi akaenda ofisini kwenyewe kugombana. Karani akamvumilia, akatoa fomu kwenye faili, akamwekea mbele. Insaf anajua kusoma. Mwandiko wa binti yake anaujua kuliko wa mtu yeyote, ameukagua miaka kumi na miwili. Takwa la kwanza, Asyut. La pili, Aswan, mbali zaidi ya hapo. Tanta haikuwepo kabisa.

Alirudi akaichukua ile shuka iliyokuwa imefunika televisheni, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye sanduku la Rihab la safari. Hakumgombeza. Sijui walisemezana nini, na kaka anasema hawakusemezana kitu.

Mwezi wa tisa tukampeleka stesheni. Mimi nilialikwa na Rihab, si na mama yake. Alinibusu shavu moja haraka kama mtu anayetimiza wajibu, na nilistahili hivyo hivyo. Baba yake alimkumbatia akashindwa kumwachia, ikabidi Rihab mwenyewe amwondoe mikono, polepole. Halafu akampa mama yake mkono. Insaf aliushika kwa mikono yake miwili iliyojaa matundu ya sindano. Alikuwa amejikaza njia nzima, anawaambia wasafiri tusiowajua, binti yangu huyu, daktari huyu. Sasa sauti ikamtoka ndogo.

“Likizo utakuja, mwanangu? Siku mbili tu, nikuone.”

Rihab akapanda ngazi ya behewa, akageuka akamtazama bila chuki yoyote, kama anavyotazamwa mgonjwa.

“Nitakuwa nasoma, mama.”

Treni ilikaa dakika kumi zaidi pale, hawa watu wa reli na ucheleweshaji wao, na dakika zote kumi Insaf alisimama chini ya dirisha, amenyanyua uso. “Soma,” alikuwa anamwambia. “Soma, mwanangu, soma.”